Matumbawe ya Gizani na Firigisi ya Baba

Nyumbani kwetu ungeweza kubisha karibu kila kitu. Ungebisha kuhusu mvua, kuhusu zamu ya kuosha vyombo, hata kuhusu mahubiri ya Jumapili kama ulikuwa na roho ngumu. Jiografia ndiyo hukuigusa. Jiografia ilikuwa ya baba, kama kile kiti chenye mto wa kitambaa cha kushona kilivyokuwa cha baba.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili pale Kitale, na sisi tulikaa mtaa wa Matisi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameifundisha bahari bila kuiona hata siku moja. Mbali zaidi alikowahi kufika upande ule ni Nairobi, na huko nako alikula kitu kikamsumbua tumbo akarudi kesho yake. Lakini ukimsikia akieleza maji kupwa na kujaa ungeapa amezaliwa ndani ya mtumbwi. Alikuwa na chaki za buluu alizozifunga ndani ya soksi kuukuu, akazificha nyuma ya redio, na hizo zilikuwa za kuchora bahari peke yake. Mito ya Kenya yote, pamoja na Nzoia yetu, aliipa chaki nyeupe ikaridhika.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la matumbawe. Kwa asiyejua, na sisi watu wa mahindi wasiojua ni wengi, matumbawe ni viumbe vidogo laini vya baharini vinavyojijengea nyumba ya mawe, kizazi juu ya kizazi, mpaka inakuwa mwamba wa kupasua meli. Baba aliinua mkono wa kulia mbele ya darasa akahesabu masharti kwa vidole: joto, mwanga wa jua, kina kifupi, maji maangavu, chumvi. Vidole vitano, masharti matano. "Ukikosa moja tu," alisema, akifunga ngumi, "matumbawe hakuna." Mimi niliijua ngumi hiyo kabla sijajua kusoma, kwa sababu aliifanyia mazoezi mezani tukila.

Nisijifiche: mdomo wake nimeurithi mzima. Hasira yangu huwaka upesi kama moto wa magunzi, na huzima upesi vilevile, lakini katikati hapo nimeshasema mengi. Mama alikuwa akisema tukianza kubishana mimi na baba, hata jogoo nje ananyamaza asikie nani atashinda. Mama kwao ni pale Kwanza, nje ya Kitale, binti wa wakulima waliotoka kule Kati mwa Kenya wakaja kulima Trans-Nzoia, na yeye ndoa yake nzima ilikuwa ni kutazama watu wa Bungoma, kwao baba, wakifanya mambo yao na kutikisa kichwa.

Jambo lililomtikisa kichwa kuliko yote lilikuwa firigisi. Kwa kina baba, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma, au ya mgeni ambaye mwenye boma ameamua kumheshimu. Haikatwi, haionjwi jikoni, haipotei. Ikipotea, mpishi atafute maelezo. Niliwahi kuona harusi nzuri kabisa ikisimama kwa robo saa kwa sababu bakuli la wazee lilifika bila firigisi, na wazee wakakaa mikono magotini, nyuso zimekauka, mpaka ikapatikana chini ya shingo ya kuku. Mama alisema, "Kwetu hiyo inaliwa na anayepika, akionja kama chumvi imekolea." Baba hakuona kama hiyo ni hadithi ya kuchekesha.

Sasa mwaka ule, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepita vizuri, nikikaa nyumbani kungoja chuo kama ilivyokuwa kawaida wakati huo. Unangoja mpaka unasahau ulichokisoma. Baba alikuwa amenijazia fomu mwenyewe kwa mwandiko wake wa ubaoni: ualimu, chuo cha karibu, jiografia na dini. Mimi nilitaka kusomea bahari. Kulikuwa na chuo kule Pwani kilichofundisha viumbe vya baharini, na fomu ya kubadilisha kozi nilikuwa nayo tayari, nimeikunja ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Ilitakiwa irudishwe mwanzoni mwa Januari. Chini yake palikuwa na mstari mmoja mtupu: sahihi ya mzazi.

"Bahari?" baba akasema nilipomwonyesha, mwezi wa Novemba, mvua ikipiga bati. "Mama, utaenda kufanya nini baharini? Hata kuogelea hujui." Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na alilitumia neno hilo hasa alipokuwa anakataa kitu.

"Ni wewe ulinifundisha, baba."

"Nilikufundisha upite mtihani. Umepita. Sasa unataka nini tena huko?"

"Nataka kujua zaidi."

Hapo ndipo nilipogonga mwamba. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeambiwa chakula chake hakina chumvi. "Zaidi ya nini?" akauliza. "Kuna kitu gani cha bahari ambacho sijakufundisha?"

Na mimi, moto wa magunzi, nikamjibu kwamba vipo vingi, tena vingi sana, ila yeye amekaa na daftari moja tangu nizaliwe. Mama aliweka kijiko chini. Baba akajifuta mikono taratibu. Kisha akatoa masharti yake, maana mtu huyo bila masharti hangeweza hata kulala.

"Niletee kitu kimoja," akasema. "Kimoja tu cha bahari ambacho mimi sikijui, na kiwe cha kweli. Ukileta, nitatia sahihi. Na Krismasi kwa nyanyako, Kukhu, mbele ya baba zako wadogo wote, firigisi utakula wewe. Ukishindwa, unaenda ualimu, na bahari hutanitajia tena."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilijua baba akishatia firigisi kwenye neno, basi ni kiapo.

Kazi yangu ya kungojea chuo ilikuwa katika saiba moja mjini Kitale, duka dogo lenye kompyuta nne, mbili zikifanya kazi na mbili zikiwapa wateja matumaini. Niliwachapia watu kadi za harusi, barua za kuomba kazi, matangazo ya mazishi. Mchana wa mvua wateja hupungua, na hapo nilikuwa huru kuzama mtandaoni, nikimtafutia baba kitu asichokijua. Bana, nilichemka. Nilimpelekea papa mwenye kichwa kama nyundo: anamjua. Volkano zinazolipuka chini ya bahari: alinichorea mezani kwa chumvi. Samaki mwenye taa kichwani nilidhani ndiye atakayeniokoa, lakini baba akaniuliza kama nataka kujua pia wanavyooana. Kila jioni nilirudi Matisi na samaki mpya, na kila jioni baba alimmaliza pamoja na ugali.

Ilikuwa kama wiki tatu kabla ya Krismasi nilipoipata picha. Mtandao wa wakati huo uliifungua picha kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja mmoja, unangoja mpaka chai inapoa. Ulianza weusi. Ukafuata weusi mwingine. Nikadhani kompyuta imekufa kama wenzake, nikanyanyua mkono niipige ubavuni. Ndipo chini kabisa pakatokea kitu cheupe chenye matawi mengi, kama kichaka cha kahawa kilichochanua, na kando yake kingine cha rangi ya chungwa, vyote vimeng'ang'ania ukuta wa mwamba. Chini ya picha pameandikwa ni matumbawe. Matumbawe ya maji baridi.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Ulieleza kwamba chini ya bahari, pembeni mwa mabara, kuna makorongo makubwa yaliyochimbika, yenye kuta zilizosimama wima. Jua halifiki huko kabisa. Maji ni baridi kama maji ya mtungi uliolala nje Kitale mwezi wa Julai. Na kwenye kuta hizo matumbawe yanaota, polepole mno, mengine yamekuwepo tangu kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote unayemjua. Na hayakai peke yake. Kaa wanajificha matawini, kamba wanatembea juu yake, viti vya pweza, wale wenye mikono mitano kama nyota, vimejikunjia kwenye pembe, sifongo zimeota katikati, samaki wanaleta watoto wao, papa wanatundika mayai yao humo. Mtaa mzima ulikuwa gizani, kama Matisi umeme ukipotea, na kila tawi lina mpangaji wake.

Joto hakuna. Mwanga hakuna. Kina kifupi hakuna. Baba alikuwa amekosa vidole vitatu kwa mpigo. Nilicheka peke yangu ndani ya saiba mpaka mteja aliyekuwa akiandika barua ya mapenzi akafunika kioo chake kwa mkono.

Nilichapisha ukurasa, nikaukunja, nikatembea mpaka Matisi kwenye matope bila kusikia miguu. Baba alisoma amevaa miwani, kisha akasoma tena bila miwani. Nikaona kidole chake cha joto kinajikunja chenyewe. Nikasema moyoni, leo nimempata. Akanirudishia karatasi.

"Muhuri uko wapi?" akauliza.

"Muhuri gani?"

"Hii imetoka kwa kompyuta. Kompyuta mtu yeyote anaandika. Wewe mwenyewe jana umechapisha tangazo la mganga. Karatasi bila muhuri ni ya kufungia mandazi."

Hasira niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena. Nilitoka nje nikaenda kuwaambia kuku mambo ambayo sikuweza kumwambia baba. Kuku walisikiliza vizuri. Lakini nilimwelewa pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana baba alikuwa mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali wa wakati ule hata ndoto yake ingekuja na muhuri angeiamini haraka zaidi.

Kesho yake nikamtafuta afisa wa samaki. Alikuwa na ofisi ndogo yenye picha ya kidimbwi ukutani. Alisoma ukurasa wangu kwa heshima, akakuna shingo, akasema, "Dada, mimi ni wa tilapia. Maji ya chumvi si yangu." Hakunipa muhuri. Alinipa ushauri wa kuchimba kidimbwi.

Ikabaki serikali ninayoifahamu. Chifu wa upande wetu alikuwa akija saiba kila wiki kuchapisha barua zake, na barua zake nilizijua kwa moyo, kwa sababu zote zilikuwa moja: aliyetajwa hapo juu ni mkazi wa lokesheni yangu, ninamfahamu vyema, tafadhali msaidie. Siku hiyo alipokuja, nilikuwa nimeshaandaa yangu. Nilimwekea mbele na chai.

Alisoma kwa sauti. "Matumbawe ya maji baridi yaliyotajwa hapo juu." Akanitazama. "Hawa wanakaa upande gani?"

"Chini ya bahari, mzee. Kwenye makorongo."

"Hapa imeandikwa ninawafahamu vyema."

"Ni mtindo tu wa barua, mzee."

"Hapana. Mimi sitaweka muhuri kwa watu nisiowajua." Alikuwa mtu mnyoofu chifu yule, lazima niseme. Akafikiri, akanywa chai, akaniamuru nibadilishe. Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga. Barua ilisema kwamba matumbawe yaliyotajwa hapo juu si wakazi wa lokesheni yake na yeye binafsi hayafahamu, lakini hajapokea malalamiko yoyote dhidi yao na hana pingamizi yakiendelea kuishi huko yaliko.

Niliipeleka nyumbani hivyo hivyo. Baba aliisoma amesimama. Mama aliisoma akalazimika kukaa. Baba akaitazama tarehe, akautazama muhuri, akauinua kwenye mwanga, akasema, "Muhuri ni wa kweli." Kisha akaongeza, "Lakini chifu anasema hawajui." Akaikunja pamoja na ukurasa wangu, akavitia mfukoni mwa koti. Kesi, akasema, itasikizwa Bungoma.

Boma la kina baba liko nje kidogo ya mji wa Bungoma, na lilikuwa la Kukhu, mama yake baba, tangu babu alipofariki. Kukhu alikuwa mwembamba, mweusi, mwenye meno machache aliyoyatumia vizuri. Kila Krismasi alisimamia mapishi ya kuku wasiopungua watano, akiwajua kwa tabia zao wakiwa hai, kisha sahani zikitoka, yeye alijichukulia ugali na mboga za mrenda akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Utotoni nilidhani kuku hawampendezi. Sikuwahi kumuuliza.

Krismasi ile tulirudi kutoka kanisani na njaa ya haki. Baba zangu wadogo watatu walikuwa wamekaa sebuleni wakanyoosha miguu, bakuli kubwa likaletwa, na firigisi ya jogoo mkubwa ikawa imekaa juu kabisa, peke yake, mahali pake, maana za kuku wengine zilikuwa zimetumwa kwa wazee majirani. Kwa kuwa babu hayuko, baba, mtoto wa kwanza, ndiye aliyekaa kama mwenye boma. Akanyoosha mkono. Nami nikasema, "Baba, kesi."

Nikaona sebule nzima ikigeuka. Baba akarudisha mkono. Mtu mwingine angekasirika, lakini neno alikuwa amelitoa mwenyewe na alijua. Akawaeleza ndugu zake ubishi wetu wote, kwa haki kabisa, akatoa ukurasa wangu na barua ya chifu mfukoni. Barua ilipozunguka, baba mdogo wa mwisho alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Yule wa pili akasema chakula kinapoa, kesi iendelee haraka. Kukhu kutoka mlangoni akasema wangoje. Kama ni mjukuu wake anashtaki, yeye atasikiza.

Nikasimama. Sahani yangu tupu niliishikilia mkononi. Na pale, jamani, halikuwa tena jambo la kuchekesha kwangu. Fomu ilikuwa kwenye kitabu cha nyimbo, Januari ilikuwa wiki moja mbele, na nikishindwa mbele ya watu hawa, maisha yangu yatakuwa chaki ya buluu ndani ya soksi. Nikaeleza. Makorongo, kuta, baridi, giza. Kaa, kamba, viti vya pweza, mayai ya papa. Nilieleza vizuri, nadhani, maana hata yule mwenye njaa aliacha kutazama bakuli.

Baba alinisikiza amefumba macho nusu. Kisha akauliza swali moja, na lilikuwa swali zuri, swali la mwalimu.

"Hayo matumbawe yetu ya kawaida yana mpishi," akasema. "Kuna mwani mdogo sana unaoishi ndani yake, na huo ndio unapika chakula kwa jua. Ndiyo maana nasema jua. Sasa hawa wako gizani. Mpishi hakuna. Niambie, nani anawapikia?"

"Hakuna anayewapikia, baba. Wanakula kinachoanguka."

"Kinaanguka kutoka wapi?"

"Juu. Walio juu kwenye jua wanakula, wanakufa, wanapukutisha. Mabaki yanashuka kama vumbi. Korongo linayakusanya, mkondo wa maji unayaleta, na wao wamenyoosha mikono kwenye ukuta, wanangoja. Kinachopita wanakamata."

"Makombo," baba akasema.

"Makombo."

"Mama, kiumbe hawezi kujenga mwamba kwa makombo." Akainua ile ngumi yake. Nilijua ni kweli, niliiona picha, lakini machozi yakaanza kuja, ya hasira, si ya kitu kingine.

Ndipo Kukhu akasema kutoka kwenye kigoda, "Hao nawajua."

Baba akageuka. "Unajua nani, mama?"

"Hao wa gizani. Chifu wenu hawajui, mimi nawajua." Hakuinua sauti. "Nilipoolewa hapa, mwanamke hakula kuku. Wala yai. Tulifuga sisi, tukapika sisi. Sahani ikaja huku kwa jua, na sisi tukabaki jikoni, moshi na giza, tukingoja kitakachorudi. Siku nzuri ilirudi supu iliyoganda. Siku nyingine ilirudi harufu."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha.

"Nilikuzaa wewe kwa makombo hayo," akamwambia baba. "Na hawa. Niliwanyonyesha kwa hayo. Boma hili nani amelijenga, babako? Babako alikuwa Webuye kiwandani, anakuja mwisho wa mwezi. Sasa unaniambia mimi anayekula makombo gizani hawezi kujenga?"

Baba alikuwa bado ameinua mkono, amesahau kuushusha. Akautazama ule mkono wake wa kufundishia, vidole vitano, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. Halafu akaufungua, akaupeleka kwenye bakuli, akaichukua firigisi, akainuka, akavuka sebule nzima na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Nilikuwa sijui," akasema. Kwa kinywa chake, mbele ya ndugu zake. "Leta hiyo fomu."

Aliitia sahihi juu ya kitabu cha nyimbo bila kunawa. Ile fomu ilifika Pwani na alama ya kidole gumba cha mafuta ya kuku pembeni mwa jina lake, na karani aliyeipokea alinitazama sana. Baba mwenyewe, muhula uliofuata, aliendelea kufundisha masharti matano, kwa sababu mtihani ndio uliotaka hayo. Ila wanafunzi wake waliniambia miaka ya baadaye kwamba akishafunga ngumi, alikuwa akiifungua tena na kusema, "Hiyo ni ya mtihani. Nje ya mtihani, mjue wako wengine, chini, gizani, na wanajenga." Soksi ya chaki alinipa siku nilipoondoka. Sijui alidhani huko Pwani hakuna buluu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile nilikuwa bado nimesimama na sahani mkononi. Kwa wiki tano nzima nilikuwa nimeiota ile firigisi, nimejiona nikiitafuna polepole huku baba zangu wadogo wakinitazama. Na sasa nilikuwa nayo na sikuweza kuila. Nilimtazama Kukhu kwenye kigoda chake, ugali na mrenda magotini, nikasikia aibu ya miaka yote ambayo sikumuuliza. Nikaenda nikapiga magoti, nikaiweka kwenye ugali wake.

Akaitazama. Akaigeuza kwa kidole. Akatutazama sisi wote, mmoja mmoja, kama anayehakikisha hakuna atakayesimama kukataa. Kisha akaitia mdomoni.

Alitafuna kwa muda mrefu sana, maana meno yalikuwa machache na yalihitaji kusafiri. Baba alisimama akimngoja. Ndugu zake walingoja. Mama, kwenye mlango wa jikoni, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Kukhu akameza, akafuta midomo, akaonekana akifikiri.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hiyo, mama," baba akasema.

"Ngumu hivi?" Akatikisa kichwa. "Na mimi miaka hii yote nilidhani mnatuficha kitu kitamu."

Akasukuma mrenda kando, akamnyooshea baba sahani yake.

"Niletee paja," akasema.

Na baba, mwenye boma, akaenda akamletea.